Glasi ya Maji ya Saa Kumi

Wiki iliyopita Nasim aliniletea saa ya ukutani ya marehemu mama yake. Aliibeba mwenyewe kutoka kwenye teksi ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, akailaza juu ya meza yangu ya chakula, kisha akasimama mbali nayo kidogo. Tulikuwa tumetoka kwenye hitima ya arubaini ya Bi Gulbanu na nguo zetu bado zilinuka ubani. "Miye siiwezi nyumbani," alisema. "Wajukuu wanataka kuichezea, nami sitaki iguswe. Kaa nayo wewe, Shirin." Nikaitazama ile saa na vidole vikapoa, mimi mwanamke mzima niliyeshika maiti kwa mikono hii miaka kumi na moja. Vijana huniuliza nilianzaje kazi yangu, kwa sababu siku hizi ina jina, ina kozi na ina vyeti: muuguzi anayewasomea mawakili majalada ya hospitali na kuwaambia kilichompata mgonjwa. Mimi huwajibu kwamba niliumia mgongo. Ni kweli, lakini ni kweli ya juu juu. Kazi hii niliianza katika nyumba moja Tottenham, mwaka ule ambao Wahindi wenzetu wa Uganda walikuwa bado wanaletwa na masanduku yao, na aliyenifundisha alikuwa mgonjwa mmoja aliyeendelea kuzungumza baada ya kufa. Sikuweza kuisimulia habari hii Bi Gulbanu akiwa hai, na sababu yake itaonekana.

Mgongo niliuumiza nikimnyanyua mzee mmoja aliyekuwa mzito kuliko wema wake. Daktari akaniambia wodini basi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, sina mume, sina ujuzi mwingine, na Landani si mji wa kukaa kitandani. Mwanamke mmoja wa msikitini akanipeleka kwa wakili Desai, mtu wa Mombasa, aliyekuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la rangi. Ofisi nzima ilinuka tapentaini, na mteja akikaa sana alitoka na kizunguzungu. Bwana Desai alikuwa mfupi, mwenye haraka, na alizungumza Kiswahili cha Mombasa kila alipokasirika. "Dada Shirin, hawa madaktari waandika kama kuku," aliniambia siku ya kwanza akinisukumia rundo la karatasi. "Nisomee tu. Niambie yasemaje." Nikasoma. Jioni yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akisoma juu ya bega langu, maana nilikuwa nimemwonyesha dawa iliyoandikwa mara mbili na madaktari wawili ambao hawakuwa wamezungumza wao kwa wao. Tangu siku hiyo nikawa naitwa. Kazi haikuwa na jina. Karani wake aliniita "yule nesi wa karatasi," na nilipenda.

Baada ya miezi miwili, wanawake wa msikitini wakaniambia kuna mjane wa Unguja, Bi Gulbanu, anatafuta mpangaji, na amenitaja mimi kwa jina. Sikumjua. Niliona ajabu kidogo, lakini nilikuwa nakaa chumba kimoja na wasichana watatu, kwa hiyo sikuuliza mengi. Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, nyembamba, imebanana na wenzake barabarani, na jikoni kwake palikuwa na joto kuliko mahali pengine popote nilipokaa Ulaya. Alipika kuku wa kupaka, mchuzi wa nazi ya kopo aliyoilaani kila alipoifungua, na mikate ya kumimina siku za Ijumaa. "Kula, mwanangu, hiyo mifupa yako inanitisha," alikuwa akisema, kisha anakaa mbele yangu na kunitazama ninavyokula, bila yeye kugusa kitu. Juu ya mlango wa jikoni ndipo ilipotundikwa hiyo saa. Ilikuwa ya mbao nyeusi, ya kutia ufunguo, nayo iligonga. Na ilionyesha majira ya kwetu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu saa ya ukutani ilionyesha kizungu, tukaisoma kwa Kiswahili kichwani bila kujijua. Lakini Unguja ya zamani kulikuwa na watu waliopanga mishale yenyewe kwa kufuata jua, ikawa kumi na mbili ni magharibi kweli. Bi Gulbanu aliileta saa yake Landani hivyo hivyo. "Jua la hapa halina adabu," alisema, "wakati wa baridi linazama saa kumi kama mgonjwa. Nikilifuata hilo ntaharibikiwa. Naiacha saa sita mbali na yao, basi." Wiki ya kwanza niliruka kila ilipogonga. Ya pili nikaizoea, na kitu ukishakizoea hukioni tena.

Kitu ambacho sikukizoea kilikuwa juu. Bi Gulbanu aliniambia ana binti, mgonjwa, asiyetoka chumbani, na nisimsumbue. Aliongea kwa namna inayofunga mlango wa maswali. Nilikuwa nasikia nyayo juu ya dari yangu, hatua sita kwenda na sita kurudi, za mtu asiyevaa viatu. Sinia la chakula lilipanda na likashuka limeguswa kidogo. Na kila siku saa kumi jioni, bomba la bafuni lilifunguliwa, likafungwa, mlango wa juu ukalia bawaba, na nyayo zikarudi ndani. Ukipanda ngazi wakati huo ungekuta kwenye kikanyagio cha juu, katikati kabisa, glasi ya maji. Imejaa hadi mdomoni. Haikuwa na kifuniko wala kisahani. Inakaa pale mpaka giza liingie, halafu Bi Gulbanu anapanda taratibu, anaichukua, na namsikia akiyamwaga kwenye sinki kwa kijimto chembamba, kama anayeogopa kuyapigisha kelele. Siku moja nilirudi kutoka ofisini na kiu, koo limekauka kwa tapentaini, nikaiona, na kwa ujinga nikadhani binti amenifanyia wema. Nikaiinua. Sikuwa nimemaliza funda la kwanza Bi Gulbanu aliponishika mkono kwa nguvu hata maji yakanimwagikia kifuani. Sikumsikia akipanda. "Hayo si yako," alisema. Uso wake ulikuwa mweupe. "Mwenyewe yupo." Nikauliza nani. Akaondoka na glasi, na nyuma ya ule mlango nikasikia mtu akivuta pumzi, karibu sana, hatua moja kutoka niliposimama. Usiniulize kwa nini sikuhama. Nilikuwa nakula vizuri, na mtu anayekula vizuri huvumilia mengi.

Mwezi uliofuata Bwana Desai akanipa jalada nililokuja kuliota. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, Mwingereza, aliyepasuliwa nyongo katika hospitali moja ambayo siitaji, kama ninavyolihifadhi jina lake mwenyewe. Usiku baada ya upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake, saa saba na nusu mchana, daktari alimkuta amekufa. Alikuwa amevuja damu tumboni. Wanawe walikuwa wateja wetu, na walitaka kujua kitu kimoja: mama yao alikuwa peke yake? Kwa sababu chati yake, ile karatasi ya mapigo na joto, ilikuwa na maandishi ya muuguzi wa usiku kila saa mpaka saa kumi na mbili alfajiri, kisha asubuhi nzima haikuwa na kitu. Halafu, nusu saa baada ya kifo, maandishi yakaanza tena. Nayasimulia kama nilivyoyasoma. Saa nane mchana: amefutwa mwili, shuka zimebadilishwa, mapigo tisini na mbili. Nilisimamisha kidole hapo. Mwili wa maiti kuoshwa tunakujua, lakini maiti haina mapigo. Saa tisa: mapigo mia moja na nne, anasema anahisi baridi. Saa kumi jioni: mapigo mia na kumi na nane, anaomba maji, amepewa kidogo, daktari ameitwa. Saa kumi na moja: anaomba maji tena, daktari ameitwa mara ya pili. Saa kumi na mbili: amekataa chakula cha mchana, ananishika mkono. Saa moja jioni: mapigo hayahesabiki. Chini ya kila mstari palikuwa na herufi mbili za jina la muuguzi wa mchana, kwa wino wa buluu, mwandiko wa shule ya masista, mzuri, usiotetemeka.

Nilikwisha kuona uongo mwingi kwenye karatasi. Huu haukufanana nao. "Ameghushi, hilo lajulikana," alisema Bwana Desai. "Hata hospitali yenyewe yasema hivyo. Walimhoji, akashindwa kujibu neno. Wamemsimamisha, na baraza la wauguzi lamngoja lifute jina lake. Wewe niandikie repoti tu kwamba chati ni ya uongo, Jumatatu niwe nayo. Ukifanya hii vizuri, dada, kuna mawakili wanne mjini nitakaowaambia habari zako." Nikamwuliza: mwongo anayeficha uzembe wa asubuhi si angeandika saa za asubuhi? Nani anayeghushi kwa kumpa maiti mapigo? "Mpumbavu," alijibu. Lilikuwa jibu zuri, na lilimfaa kila mtu. Familia ingeshinda, hospitali ingemtupia lawama mwanamke mmoja mgeni, nami ningepata wateja wanne. Nilichukua nakala nyumbani na moyo wangu ukiwa tayari nusu kuandika. Lakini kila nilipofumba macho nilimsikia yule mama akiomba maji saa kumi jioni, amekufa tangu saa saba na nusu, na juu ya kichwa changu bomba la bafuni likifunguliwa wakati huo huo. Nilianza kukaa nje kwenye kituo cha basi mpaka saa kumi na moja ipite. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa nyumba na niliogopa karatasi, na sikuthubutu kuviweka viwili hivyo pamoja kichwani.

Jumamosi nilitandaza nakala zote kwenye meza ya jikoni huku Bi Gulbanu akikaanga vitunguu. Nilikuwa kwenye mstari wa chakula cha mchana. Nimekula na kulisha watu hospitalini miaka, na najua kwamba hospitali ya Kiingereza itakosea dawa, itakosea mgonjwa, itakosea hata mguu wa kukata, lakini chakula cha mchana kitafika saa sita kamili. Nani anayeletewa chakula cha mchana saa kumi na mbili jioni? Nikaangalia mistari tena. Hakukuwa na nafasi iliyorukwa. Mstari wa alfajiri na ule wa kuoshwa ulifuatana, mmoja chini ya mwingine, kama siku iliyokwenda moja kwa moja. "Ondoa makaratasi yako, mwanangu, chakula tayari," Bi Gulbanu alisema, na juu ya mlango saa ikagonga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikainua macho. Nje ilikuwa saa sita mchana, na mshale ulikuwa juu ya sita. Kwenye karatasi, lazima niwaambie, hapakuwa na saa nane wala saa kumi wala mchana wala jioni. Palikuwa na tarakimu tupu: 2, 3, 4, 5, 6, 7. Waingereza walizisoma kizungu, na mimi, mtoto wa Tanga, nikazisoma pamoja nao, nikazifanya saa nane na saa tisa na saa kumi. Nilikuwa nimeishi kwao hata nikapoteza macho yangu. Mbili ilikuwa mbili, saa mbili asubuhi, wakati wodi zote zinaogesha wagonjwa. Nne ilikuwa saa nne. Yule mama aliomba maji saa nne asubuhi akiwa hai, na daktari aliitwa saa nne, akaitwa tena saa tano, akaja saa saba na nusu.

Nilimwuliza Bi Gulbanu, bila kugeuka, nani mwingine Landani hii anayetumia saa iliyopangwa hivi. Mwiko ukaanguka. Akakaa kwenye kiti akiwa na mikono yenye mafuta, akaanza kulia bila sauti. "Nilikuomba kwa wanawake wa msikitini kwa sababu walisema unasoma mafaili ya hospitali," alisema. "Sikuwa na la kukwambia. Aibu imenikaba. Nilisema akiwepo nesi nyumbani, pengine Nasim atafungua mdomo. Naye ni nesi. Hao watu wa hospitali walimwonyesha mwandiko wake, wakamwambia huyu mtu alikuwa amekufa, wewe ulikuwa unazungumza na nani? Akarudi nyumbani akaniuliza miye swali hilo hilo. Mama, nilikuwa nazungumza na nani?" Nikaikusanya ile chati na kupanda ngazi, na mgongo wangu huu mbovu.

Niliketi sakafuni, nikaongea na mlango. Nilimwambia mimi ni nani na nasoma majalada kwa ajili ya nani. Kisha sauti, chini, usawa wa kichwa changu. Naye alikuwa amekaa sakafuni. "Na wewe umemsikia?" aliuliza. "Anaomba maji saa kumi. Ndivyo nilivyoandika. Mimi sikumbuki jioni hiyo, nakumbuka nimemaliza zamu nikarudi. Lakini mwandiko ni wangu. Kwa hiyo aliniita baada ya kufa nami nikamjibu, au mimi nina kichaa." Nikamwuliza asubuhi ile alitazama saa gani. "Ya kifuani, ile tunayoibandika kwenye sare," alisema. "Ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimechelewa, navaa. Mama akaichukua, akaitia ufunguo, akaipanga, akanibandika." Nikamwuliza aliipanga kwa kufuata nini. Jikoni palikuwa na saa moja tu, ile ya juu ya mlango. "Tulikuwa wawili kwa wagonjwa ishirini na nane," alisema, polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali. "Niliitazama ikasema mbili na sikushtuka. Nyumbani asubuhi ni mbili." Nikasukuma chati chini ya mlango. Nikamwambia asome mstari ulioandikwa 4. "Alikuwa hai, Nasim. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliomba maji na ukampa, na ukamwita daktari, na hakuja. Hakuwa peke yake. Wanawe wanaulizia hilo tu." Karatasi haikurudi. Baada ya kitambo bawaba ililia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, nywele hazijachanwa. Alininong'oneza kitu kimoja: "Mama asijue ni mkono wake." Nikamwahidi. Saa kumi ilipofika siku ile alijaza glasi kama kawaida, akasimama nayo kwenye ngazi, akitazama mahali anapoiweka kila siku, kisha akainywa yote mwenyewe, mpaka tone la mwisho.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Desai repoti ambayo hakuiagiza. Nilianza kwa kumwambia nakaa nyumba moja na yule muuguzi, asije akalijua kwa mtu mwingine. Alipiga kelele nusu saa. Alisema nimemharibia kesi, kwamba hakimu gani Mwingereza ataamini hadithi ya saa za Kiswahili. "Usiniamini mimi," nilimjibu, "wala yeye. Uliza chakula cha mchana wodi ile huletwa saa ngapi. Halafu uliza daftari la simu." Kila hospitali ilikuwa na wasichana wa simu, na kila daktari alipoitwa waliandika. Ilichukua wiki tano kulipata. Daktari wa wodi ile aliitwa saa nne na dakika tano asubuhi, na tena saa tano kasoro dakika mbili. Bwana Desai alilisoma, akakaa, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, nikuombe radhi." Hospitali ilikiri, wanawe wakajua mama yao alishikwa mkono, na baraza likaliacha jina la Nasim kwenye orodha. Mawakili wanne walinipigia simu kweli, na baada yao wengine. Mpaka leo nikifungua jalada naanza na chakula, nani alikula nini na saa ngapi. Kwenye repoti niliandika kwamba saa ya muuguzi ilikuwa imepangwa kwa majira ya Afrika Mashariki. Sikuandika nani aliyeipanga.

Asubuhi mbili baada ya barua ya baraza nilikuwa kwenye msala wangu, sala ya alfajiri imekwisha, nikasikia saa ya jikoni ikigonga moja. Kisha mbili. Kisha tatu, saa baada ya saa bila dakika kupita kati yao. Nne, tano, sita, halafu kimya. Nilishuka nimeshika ukuta. Jikoni hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa chini ya mlango, na mishale ya saa ilisema sita, kama saa yangu ya mkononi, kama saa za Landani yote. Bi Gulbanu aliingia na kopo la nazi, akakirudisha kiti mezani, akauliza nitakula mkate au andazi. Nikachagua andazi. Nasim aliposhuka akaiona, akanitazama, naye akaomba andazi. Tuliishi hivyo, sisi watatu tukilindana, mimi nikahama, Nasim akarudi kazini, akaolewa, akazaa. Jambo moja tu niliona kila nilipowatembelea: saa ya mtu ikisimama, Bi Gulbanu alikunja mikono mapajani, asiiguse.

"Alijua," nilimwambia Nasim wiki iliyopita, tukiitazama ile saa kwenye blanketi. "Alijua," alisema. "Siku zake za mwisho hospitali aliniomba saa yangu ya kifuani, ile ile. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akasema, lete niitie ufunguo. Vidole havina nguvu, Shirin, lakini hakuniacha nimsaidie. Kisha akaniuliza, huko nje saa ngapi, kwa saa yao? Nikamwambia. Akaipanga, akanibandika mwenyewe kifuani, akasema, sasa nenda kazini, mwanangu." Nasim ana miaka kumi tangu astaafu. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Mimi nililia waziwazi, sina haya. Kisha nikatafuta msumari, tukaitundika saa juu ya mlango wa jikoni kwangu, nikapanda kitini na mgongo wangu huu, nikaitia ufunguo. Saa ya namna ile hairudishwi nyuma, inaharibika, lazima uipeleke mbele na kuingoja igonge kila hatua. Nje ilikuwa saa kumi jioni kamili na mshale nilikuwa nimeufikisha kwenye nne, kwa saa yao. Nikaupeleka polepole, saa sita mbele, tukihesabu pamoja kwa sauti, mpaka ilipogonga kumi. Nasim akaenda kwenye sinki, akajaza glasi mbili za maji, akanipa moja.